Chicago Bears 1932: ubingwa wa sare sita

Oktoba 16, 1932, Chicago Bears walitoka uwanjani Wrigley Field wakiwa wamecheza mechi nne za ligi bila kupata pointi hata moja. Suluhu na Green Bay Packers, suluhu na Staten Island Stapletons, suluhu na majirani zao Chicago Cardinals, kisha kichapo cha 2-0 kutoka kwa Packers walewale. Miezi miwili baadaye, Desemba 18, timu hiyohiyo ilikuwa bingwa wa NFL, ligi ya kulipwa ya futiboli ya Kimarekani.

Rekodi yao ya mwisho inasomeka hivi: kushinda 7, kupoteza 1, sare 6. Packers, waliomaliza wa pili, walishinda 10. Mtu akikutana na msimamo huo kwa mara ya kwanza hudhani mchapaji amekosea. Hajakosea. Msimu wa 1932 unaeleweka ukiwa na vitu viwili mkononi, kalamu ya hesabu na kitabu cha sheria za mchezo, kwa sababu sheria ndizo zilizozalisha sare zile na hesabu ndiyo iliyozigeuza kuwa ubingwa.

Tuanze na hesabu. Ligi haikutoa pointi za msimamo kwa sare na ushindi kama wafanyavyo watu wa soka. Timu zilipangwa kwa uwiano: idadi ya ushindi ikigawanywa kwa jumla ya ushindi na kupoteza. Sare haikuhesabiwa popote. Ilifutwa, kana kwamba siku ile timu zote mbili zilikaa nyumbani. Timu iliyoshinda 6, ikapoteza 1 na kutoka sare 6 ilipata 6 gawanya kwa 7, yaani 0.857. Iliyoshinda 10, ikapoteza 3 na kutoka sare 1 ilipata 10 gawanya kwa 13, yaani 0.769. Kwa mfumo huo kilichokuwa ghali ni kupoteza. Sare haikugharimu kitu, na ushindi ulizidi kuongeza kidogo kadiri ulivyokuwa nao mwingi.

Ligi nayo ilikuwa imepungua. Mdororo wa uchumi uliziua timu moja baada ya nyingine hadi zikabaki 8, idadi ndogo kuliko zote katika historia ya NFL: Bears, Packers, Cardinals, Stapletons, Portsmouth Spartans, New York Giants, Brooklyn Dodgers na wageni wa mwaka huo, Boston Braves. Ratiba haikupangwa na ofisi ya ligi. Wamiliki wenyewe walikubaliana nani acheze na nani na lini, wakitazama mapato ya mlangoni, kwa hiyo timu hazikulingana hata idadi ya mechi. Kabla ya pambano la nyongeza la Desemba 18 Packers walikuwa wamecheza 14, Bears 13, Spartans 11. Kulinganisha timu kwa uwiano lilikuwa jambo la lazima pale, maana kuhesabu ushindi tu kungeipendelea timu yenye mechi nyingi. Kosa halikuwa kutumia uwiano. Kosa lilikuwa kuitupa sare nje ya uwiano huo.

Na sare hazikuwa chache. Kati ya mechi 48 za msimu ule, ukihesabu na ile ya nyongeza, 10 ziliisha bila mshindi. Hapo ndipo kitabu cha sheria kinapohusika.

NFL ilikuwa bado inafuata sheria za mchezo wa vyuo, na sheria hizo zilikuwa zimeufunga mchezo kwa pande tatu. Kwanza, pasi ya mbele, yaani mpira unaorushwa kwa mkono kuelekea goli la wapinzani. Mrushaji alitakiwa awe angalau yadi 5 nyuma ya mstari wa kuanzia mchezo, pale mpira unapoanzia kila jaribio, anapouachia mpira. Maana yake ni kwamba walinzi walisoma nia yake kwa miguu tu: akirudi nyuma hatua tano sita, anapiga pasi, akibaki karibu na mstari, anakimbia. Timu hupewa majaribio manne ya kusonga mbele yadi 10; pasi mbili zikianguka chini katika mfululizo mmoja wa majaribio hayo, timu ilirudishwa yadi 5. Na pasi ikianguka bila kudakwa ndani ya eneo la goli la wapinzani, yaani nyuma ya mstari wao wa goli, mpira walipewa wapinzani. Yaani pale karibu kabisa na mstari wa goli, ambapo pasi fupi ingekuwa silaha kali kuliko zote, ndipo ilipoadhibiwa zaidi. Mpira wenyewe ulikuwa mnene na wa mviringo kuliko wa leo, unaofaa kupigwa kwa mguu kuliko kurushwa.

Pili, nguzo za goli. Tangu 1927 zilikuwa zimesogezwa nyuma hadi mstari wa mwisho wa uwanja, yadi 10 nyuma ya mstari wa goli. Yadi hizo 10 zinaonekana chache kwenye karatasi. Kwa mpigaji wa enzi ile, mwenye mpira uliojaa matope na kiatu kizito, ndizo zilizotenganisha mkwaju wa pointi 3, wa kuupitisha mpira kati ya nguzo kwa mguu, unaowezekana na ule wa kubahatisha. Timu iliyokwama kwenye yadi ya 25 haikuwa na njia ya maana ya kutoka na pointi.

Tatu, mistari ya pembeni. Mwenye mpira akiangushwa yadi mbili kutoka mstari wa pembeni, jaribio lililofuata lilianzia palepale. Timu ilijipanga karibu wachezaji wote upande mmoja wa mpira, kwa kuwa upande wa pili hapakuwa na nafasi ya kusimama, na wapinzani walijua fika mchezo unaelekea wapi. Makocha wengi walikubali kuchoma jaribio zima ili tu kuurudisha mpira katikati. Ukichoma moja kati ya manne, yadi 10 zinatafutwa kwa majaribio matatu.

Kwa hiyo silaha kuu ya mkakati ilikuwa kubutua, yaani kuupiga mpira mbali kwa mguu na kuwaachia wapinzani. Timu iliyojikuta ndani kabisa ya nusu yake ilibutua mpira hata kwenye jaribio la tatu, mara nyingine mapema zaidi, ikingoja mpinzani akosee. Mpinzani naye alifanya hivyohivyo. Vikosi vilikuwa na wachezaji wasiozidi 20, walewale wakishambulia na kuzuia, na aliyetolewa hakuruhusiwa kurudi katika robo ileile. Mguu uliochoka katika robo ya nne haukuwa na wa kuupokea. Weka mvua au theluji juu ya hayo yote, na 0-0 haishangazi.

Bears wa 1932 walikuwa na watu wa kuvunja ukuta wa aina hiyo, ndiyo maana mwanzo wao ulikuwa wa ajabu. Bronko Nagurski, fulubeki (mkimbiaji wa mpira anayeanzia nyuma) kutoka Chuo Kikuu cha Minnesota, alikuwa katika msimu wake wa tatu: urefu karibu sentimita 188, uzito zaidi ya kilo 100, mzito kuliko wengi wa wale waliopewa kazi ya kumzuia kwenye mstari. Red Grange, aliyekuwa jina kubwa kuliko yote katika mchezo huo mwaka 1925, alikuwa amevunjwa goti mwaka 1927 na kuukosa msimu wa 1928. Mbio zake za kukata kona hazikurudi, lakini alibaki mlinzi makini na mdakaji wa kuaminika. Pembeni alikuwepo Luke Johnsos, na kijana mpya Bill Hewitt aliyecheza bila kofia ngumu, jambo ambalo sheria iliruhusu hadi 1943. Keith Molesworth na Carl Brumbaugh waliendesha timu nyuma ya mstari. Mpigaji wa mikwaju alikuwa Paul Engebretsen, aliyeitwa Tiny ingawa hakuwa mdogo hata kidogo.

Kocha hakuwa George Halas, mwanzilishi na mmiliki wa timu. Watu wengi husahau hilo, kwa vile jina la Halas limefunika historia yote ya Bears. Mwaka 1930 Halas na mshirika wake Dutch Sternaman walikuwa wamegombana kuhusu namna ya kushambulia, kila mmoja akiwapa wachezaji maelekezo yake, na njia ya kutoka ikawa kumwajiri Ralph Jones. Jones aliahidi ubingwa ndani ya miaka mitatu. 1932 ndio uliokuwa wa tatu.

Alichokifanya Jones kilikuwa cha kiufundi hasa. Mpangilio wa herufi T, kwotabeki, anayeongoza mashambulizi, akisimama mgongoni mwa senta, anayempa mpira, na mabeki watatu wa kukimbia na mpira nyuma yake, ulikuwa wa kale, na timu nyingi zilikuwa zimeuacha. Jones aliupanua. Wachezaji wa mstari wa mbele waliokuwa wamebanana bega kwa bega waliachanishwa. Wale wa pembeni walisogezwa nje. Kisha beki mmoja alitembezwa kuelekea pembeni kabla mpira haujaanza kuchezwa. Beki huyo alimlazimisha mlinzi mmoja amfuate au amwache, na kwa vyovyote vile katikati palipungua mtu. Na ukipungua mtu mbele ya Nagurski umejitakia.

Mpango huo ulikuwa na udhaifu wake. Kwotabeki aliye mgongoni mwa senta hayuko yadi 5 nyuma. Ili apige pasi halali ilimbidi apokee mpira, ageuke, arudi nyuma, kisha arushe. Hadaa yote ambayo T ilijengwa kuizalisha ilikatwa na sheria ile moja. Hii ni tafsiri yangu, lakini nadhani inaeleza sehemu ya ukame wa Septemba na Oktoba kuliko hadithi za bahati mbaya: Bears walikuwa na mashine iliyotengenezwa kwa ajili ya sheria ambazo zilikuwa bado hazijaandikwa.

Ulinzi haukuwa na tatizo lolote. Katika mechi 14 waliruhusu pointi 44 tu, na mara 8 mpinzani aliondoka na sifuri. Hata kile kichapo cha 2-0 hakikutokana na mpira kuvushwa mstari wao. Pointi 2 hutolewa timu inapokamatwa na mpira, au inapoupoteza nyuma, ndani ya eneo lake yenyewe la goli.

Kuanzia Oktoba 23 ukame uliisha. Stapletons walifungwa 27-7. Boston wakang'ang'ania 7-7. Giants wakalala 28-8, Brooklyn 20-0, na siku ya sikukuu ya Shukrani, Novemba 24, Cardinals wakapigwa 34-0. Novemba hiyohiyo Bears walikutana mara mbili na Portsmouth Spartans, wakatoka 13-13 na 7-7. Ukijumlisha mechi nne zile kubwa unapata pointi 109 kati ya 160 walizofunga msimu mzima. Timu hii haikufunga kwa mpangilio. Ilifunga kwa mafuriko, kisha ikakauka.

Novemba ilipoisha, Packers walikuwa mbele kwa mbali. Kocha Curly Lambeau alikuwa ametwaa ubingwa wa 1929, 1930 na 1931 mfululizo, na sasa alikuwa na ushindi 10, kupoteza 1 na sare 1: uwiano wa 0.909. Spartans walikuwa 5-1-4, sawa na 0.833. Bears walikuwa 4-1-6, sawa na 0.800. Packers walibakiwa na mechi mbili, zote ugenini, moja Portsmouth na moja Chicago. Katika hesabu iliyofuta sare, hapo ndipo penye mtego: ushindi mmoja zaidi ungewaongeza kutoka 0.909 hadi 0.917, kiasi cha kutoonekana, ilhali kupoteza mara moja kungewashusha hadi 0.833.

Desemba 4 walicheza Portsmouth, mji wa viwanda kwenye Mto Ohio wenye wakazi kama 42,000. Spartans walikuwa na kinyongo nao. Mwaka 1931 Packers walimaliza 12-2 na Spartans 11-3, na Portsmouth waliamini kuna mechi moja zaidi waliyokubaliana kuicheza mwishoni. Packers wakakataa kuja, na rais wa ligi, Joe Carr, akaamua kwamba mechi ile haikuwa sehemu ya ratiba rasmi. Mwaka mmoja baadaye kocha Potsy Clark aliingiza watu 11 uwanjani na hakubadilisha hata mmoja kwa dakika 60. Spartans walishinda 19-0. Mechi hiyo inakumbukwa mpaka leo kama mechi ya watu wa chuma, na sioni sababu ya kulipunguza jina hilo: kucheza saa nzima ya mashambulizi na ulinzi dhidi ya mabingwa watetezi, bila hata mtu mmoja kupumzishwa, ni jambo ambalo hata kwa viwango vya enzi ile lilishtua watu.

Siku hiyohiyo Bears waliwafunga Giants 6-0. Sasa Packers 10-2-1 walikuwa 0.833, Bears 5-1-6 nao 0.833, na Spartans 6-1-4 wakiwa juu kwa 0.857, wakiwa wamemaliza mechi zao. Desemba 11, kwenye theluji ya Wrigley Field, Bears waliwafunga Packers 9-0. Packers wakaporomoka hadi 0.769. Bears wakafika 6-1-6, na 6 gawanya kwa 7 ikawa sawasawa na ile ya Portsmouth.

Hapo ndipo ligi ilipojikuta bila jibu. Timu mbili zilikuwa na uwiano uleule hadi tarakimu ya mwisho, na mechi zao mbili zilikuwa zimeisha sare, kwa hiyo hata kuangalia nani alimfunga nani hakukusaidia. Ikaamuliwa wacheze tena, Chicago, Jumapili Desemba 18. Jambo moja ni muhimu kulishika: mechi hiyo haikuwa fainali kwa maana ya sasa. Ilihesabiwa kama mechi ya kawaida ya msimu, matokeo yake yakiingia kwenye msimamo. Nitalirudia baadaye, kwa sababu ndilo lililowaumiza Portsmouth mara mbili.

Spartans walikuja bila mtu wao bora. Dutch Clark, aliyeongoza ligi kwa kufunga pointi mwaka huo, alikuwa pia kocha wa mpira wa kikapu wa Colorado College, na kazi hiyo ilikuwa imeanza. Chuo hakikumwachia. Leo inasikika kama mzaha, mchezaji bora wa ligi kukosa pambano la ubingwa kwa sababu ya kibarua chake kingine, lakini mishahara ya ligi haikutosha kumfanya mtu aache kazi ya uhakika ya majira ya baridi. Nafasi yake aliichukua Glenn Presnell, mchezaji mzuri sana, akisaidiwa na fulubeki Ace Gutowsky.

Wiki ile Chicago ilifunikwa na theluji na baridi kali. Kucheza Wrigley Field kulimaanisha uwanja kama barafu na viti vitupu, na viti vitupu ndivyo vilivyomtisha Halas zaidi. Mechi ikahamishiwa ndani ya Chicago Stadium, ukumbi wa mpira wa magongo wa barafuni na ngumi. Wazo halikuwa geni: Bears na Cardinals walikuwa wamecheza humo mechi ya hisani mwaka 1930. Safari hii kulikuwa na sarakasi iliyomaliza maonyesho muda mfupi kabla, na udongo wake ulikuwa bado umetandazwa juu ya sakafu ya zege. Pamoja na udongo ilibaki harufu ya wanyama, na wachezaji waliosimulia mechi ile hawakuisahau.

Uwanja wa kawaida wa mchezo huu una yadi 100 kati ya mistari miwili ya goli na upana wa yadi 53 na theluthi. Ukumbini ilipatikana yadi 80 tu, na upana pungufu, ukuta ukiwa umegusana na mistari ya pembeni. Ilibidi watunge sheria za siku moja. Timu iliyovuka katikati ya uwanja ilirudishwa yadi 20, kufidia ufupi. Nguzo za goli ziliwekwa kwenye mstari wa goli, kwa kuwa nyuma hapakuwa na nafasi. Mikwaju ya pointi 3 ilipigwa marufuku kwa makubaliano. Na kwa sababu kumwangusha mtu kando ya ukuta ni kumvunja mbavu, mpira ulioishia pembeni uliingizwa ndani kabla ya jaribio lililofuata.

Watazamaji 11,198 waliingia. Mchezo wenyewe, kusema kweli, haukuwa mzuri. Robo tatu zilipita bila pointi. Wapigaji wa kubutua walikuwa na nguvu kuliko ukumbi, na mipira iliishia kwenye viti. Mbio hazikuwa na pa kupanukia.

Robo ya nne Dick Nesbitt wa Bears alinasa pasi ya Spartans na kuwaweka wenzake karibu kabisa na mstari wa goli. Nagurski akapewa mpira apenye katikati, wakabakiza yadi kama mbili. Spartans wakakaza, na ikafika jaribio la nne na la mwisho. Kila aliyekuwa ukumbini alijua Nagurski atapewa tena. Akapewa. Akapiga hatua kuelekea mstari, ukuta wa Spartans ukajirundika kumpokea, kisha akasimama, akarudi nyuma kidogo na kuurusha mpira juu yao kwa Grange, aliyekuwa peke yake ndani ya eneo la goli. Tachidauni, yaani mpira umefikishwa eneo la goli, pointi 6.

Potsy Clark aliingia uwanjani akipiga kelele kwamba Nagurski hakuwa yadi 5 nyuma ya mstari. Mwamuzi Bobby Cahn hakubadili uamuzi. Je, alikuwa yadi 5? Mpira ulianzia kwenye yadi ya pili, Nagurski alikimbilia mbele kwanza na hatua za kurudi zilikuwa chache. Nikipewa filimbi kwa maelezo hayo, nahisi ningeipuliza. Lakini kipimo cha yadi 5 hakikuwa na alama yoyote ya kuchorwa chini, kilikuwa cha macho ya mwamuzi, katikati ya miili 22 na vumbi la sarakasi. Sheria isiyopimika ndivyo inavyoamuliwa.

Ukumbuke pia jinsi mchezo ule ulivyokuwa wa hatari. Kwa sheria za kawaida, Nagurski angepenya na kukwama, Spartans wangeanza kwenye yadi yao ya pili, wakiwa wamebanwa ukutani. Pasi ikianguka ndani ya eneo la goli, wangeupata mpira mbali zaidi na hatari. Ndiyo maana hakuna mlinzi aliyeitarajia.

Engebretsen aliongeza pointi ya ziada, 7-0. Baadaye Spartans walipotaka kubutua kutoka ndani kabisa ya nusu yao, mpira uliwaponyoka na kutokea nyuma ya eneo lao la goli. Pointi 2. Ikaisha 9-0.

Sasa lile la msimamo. Kwa kuwa mechi ilihesabiwa, Bears wakawa 7-1-6, uwiano 0.875. Spartans wakawa 6-2-4, na 6 gawanya kwa 8 ni 0.750. Packers walikaa palepale na 0.769. Yaani Portsmouth, waliocheza pambano la kuwania ubingwa, walimaliza wa tatu, nyuma ya timu waliyoifunga 19-0 wiki mbili kabla na ambayo jioni ile haikugusa mpira. Laiti pambano lingehesabiwa nje ya msimamo, wangekuwa wa pili. Sijaona mpangilio mwingine ulioadhibu timu kiasi hicho kwa kosa la kukubali kucheza.

Mashabiki wa Packers wana hoja yao pia. Mwaka 1972 NFL ilianza kuhesabu sare kama nusu ya ushindi na nusu ya kupoteza. Tumia kanuni hiyo kwa 1932 kabla ya pambano la ukumbini: Packers wana 10.5 kati ya 14, sawa na 0.750. Spartans 8 kati ya 11, sawa na 0.727. Bears 9 kati ya 13, sawa na 0.692. Packers wangekuwa mabingwa mara ya nne mfululizo na pambano lisingekuwepo. Hesabu ni sahihi, ila naikataa kama dai. Lambeau alijua kanuni kabla ya mpira wa kwanza kupigwa, ndiyo iliyompa mataji matatu yaliyotangulia, na Desemba alikuwa na mechi mbili mkononi dhidi ya wapinzani wake wawili wa karibu. Alizipoteza zote kwa jumla ya 28-0.

Mabadiliko yalikuja haraka kuliko kawaida ya wamiliki wale. Februari 25, 1933, waliachana na sheria za vyuo kwa mara ya kwanza. Pasi ya mbele ikaruhusiwa kutoka popote nyuma ya mstari wa kuanzia mchezo. Nguzo za goli zikarudishwa kwenye mstari wa goli, zikabaki hapo hadi 1974. Mistari ya ndani ikawekwa yadi 10 kutoka kila upande, mpira ulioishia pembeni uanzie hapo. Mawili ya mwisho yalitoka moja kwa moja Chicago Stadium. Julai 8 George Preston Marshall, mmiliki wa timu ya Boston, akiungwa mkono na Halas, akapitisha pendekezo la kuigawa ligi makundi mawili na washindi wakutane kwenye fainali nje ya msimamo. Msimu wa 1933, ukiwa na timu 10, ulikuwa na sare 5.

Ubingwa haukumletea Halas fedha. Bears walipata hasara ya dola 18,000 mwaka 1932, na baadhi ya wachezaji walipewa hati za deni badala ya mshahara kamili. Ralph Jones alitimiza ahadi yake na kuondoka, akaenda kufundisha Lake Forest College. Halas akarudi mwenyewe kwenye ukocha, kwa kuwa yeye hakuhitaji kujilipa. Alirithi mpangilio wa T uliopanuliwa pamoja na sheria mpya iliyomruhusu kwotabeki kurusha mpira alipo. Desemba 17, 1933, Bears waliwafunga Giants 23-21 katika fainali ya kwanza ya makundi mawili. Nagurski alirusha pasi mbili za tachidauni siku hiyo, ya pili ikidakwa na Hewitt, aliyemtupia Bill Karr kando yake, naye akamalizia.

Stapletons walikuwa wamekwisha ondoka kwenye ligi baada ya 1932. Portsmouth walivumilia msimu mmoja zaidi bila Dutch Clark, wakamaliza 6-5, na mwaka 1934 timu ikauzwa kwa George Richards, mmiliki wa kituo cha redio Detroit, kwa karibu dola 8,000. Akaihamisha na kuipa jina la Lions. Clark alirudi uwanjani mwaka huo, Presnell, Gutowsky na kocha Potsy Clark wakiwa bado wapo, na mwaka 1935 walitwaa ubingwa kwa kuwafunga Giants 26-7, kwenye fainali ambayo matokeo yake hayakuingizwa kwenye msimamo.